Kupika Bila Kuunguza: Somo Fupi la Plazma na Utando Mwembamba wa Elektroniki

 

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za siasa, viza na karo. Leo naomba niwaletee somo la maabara. Nafanya shahada ya uzamivu katika uhandisi wa vifaa vya elektroniki hapa Uingereza, na kila nikipiga simu nyumbani naulizwa maswali mawili: unasomea nini hasa, na ukirudi utakifanyia nini hicho kitu? La kwanza nitalijibu kwa urefu. La pili nitalijibu mwishoni, maana bila la kwanza halieleweki.

Huhitaji kuwa mtu wa fizikia. Ukikumbuka kemia ya kidato cha pili, yaani atomu, elektroni na vifungo, inatosha.

Utando mwembamba ni nini?

Chukua chipu ya simu, skrini ya kompyuta au paneli ya sola. Ukiikata na kuitazama kwa hadubini kali utakuta ni matabaka juu ya matabaka, kama chapati iliyokunjwa vizuri. Tabaka moja linapitisha umeme, jingine linauzuia, jingine linakinga unyevu. Kila tabaka ni utando, na unene wake hupimwa kwa nanomita. Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Utando ulio juu ya seli ya sola una nanomita kama 75 tu. Unywele mwembamba una nanomita 50,000 hivi, kwa hiyo ungepanga tando zaidi ya 600 ndipo upate unene wa unywele mmoja.

Kitu kama hicho hukipaki kwa brashi. Unakileta kwa gesi. Unaingiza kwenye chemba gesi yenye silikoni, unaivunja, vipande vyake vinatua juu ya kisahani cha silikoni au kioo, vinashikana, na utando unakua taratibu. Njia hii huitwa utandazaji kwa mvuke wa kikemikali.

Tatizo la moto

Kuvunja molekuli kunataka nguvu. Njia ya zamani ni tanuri. Ukitaka nitridi ya silikoni, utando mgumu unaotumika sana kwenye chipu, tanuri lako lifike nyuzijoto 700 hadi 800. Kama kisahani ni silikoni tupu, hakuna shida. Lakini chipu ambayo tayari ina nyaya za alumini utaifanyaje? Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na pale inapogusana na silikoni mchanganyiko wake huanza kuyeyuka kwenye 577. Ndiyo maana wahandisi hawapendi kuvuka 450 hivi wakishaweka alumini. Kioo cha skrini nacho hakistahimili 800, kitapinda. Plastiki ndo usiseme.

Kwa hiyo utando wa kuikinga chipu ungeiua chipu yenyewe. Ni sawa na kutaka kukausha plasta ya ukuta kwa kuichoma nyumba. Kinachotakiwa ni kazi ya moto bila joto la moto, na hapo ndipo plazma inapoingia.

Elektroni za moto, gesi ya baridi

Ukichukua gesi, ukaipunguza mpaka mgandamizo wake uwe kama sehemu moja ya elfu ya hewa tunayovuta, kisha ukaweka umeme kati ya bamba mbili za chuma, baadhi ya elektroni hutoka kwenye molekuli zake na kuanza kukimbia huku na huko. Gesi inang'aa. Hiyo ndiyo plazma, na umeshaiona mara nyingi bila kujua jina lake: taa ya tyubu, maandishi ya neoni mlangoni mwa mgahawa, hata radi.

Katika chemba yetu elektroni zilizo huru ni chache sana, hata moja kwa kila molekuli 100,000 hazifiki. Lakini hizo chache ndizo zinazofanya kazi yote. Sababu ni wepesi wake. Molekuli ya silani, yaani atomu 1 ya silikoni iliyoshikwa na atomu 4 za haidrojeni, ni nzito kuliko elektroni karibu mara 59,000. Ni kama dafu na punje ya mtama. Rusha punje ya mtama kwa nguvu zako zote kwenye dafu: punje itadunda na kurudi karibu na kasi ileile, na dafu halitatikisika. Ndivyo elektroni inavyogonga molekuli mara nyingi bila kuipasha joto. Umeme unaisukuma tena, inagonga tena, inazidi kujikusanyia nishati. Mwishowe elektroni zinakuwa na joto la nyuzi 20,000 hadi 30,000, huku gesi yenyewe ikibaki kwenye mia mbili, mia tatu.

Sasa linganisha. Kuvunja kifungo cha kwanza kati ya silikoni na haidrojeni ndani ya silani kunahitaji takriban elektronivolti 4. Molekuli ya gesi kwenye nyuzijoto 300 ina wastani usiofika hata 0.1. Kwa joto hilo pekee ungengoja mpaka uzeeke. Elektroni ya plazma ina wastani wa 2 au 3, na zile zenye mbio kuliko wenzake hufika 10 na zaidi. Moja yao ikiigonga silani sawasawa, inaivunja. Vipande vinavyobaki vina mkono mtupu, vinatafuta kitu cha kushika, na cha kwanza vinachokutana nacho ni uso wa kisahani chetu.

Umeme wenyewe si wa betri. Unakwenda na kurudi mara milioni 13.56 kwa sekunde, yaani megahezi 13.56. Elektroni ni nyepesi, zinaufuata. Ioni ni nzito; kabla hazijaanza kwenda huku umeme umeshageuka. Masafa haya yametengwa kimataifa kwa viwanda, sayansi na tiba ili yasiingilie mawasiliano. Mliopo London mnayabeba mfukoni kila siku: kadi ya Oyster huzungumza na geti la treni kwa masafa hayohayo.

Basi jina kamili la njia hii ni utandazaji kwa mvuke wa kikemikali unaosaidiwa na plazma. Maabara nyingi huandika PECVD tu, nami nitafanya hivyohivyo.

Hatua kwa hatua

Hivi ndivyo inavyokwenda siku ya kazi.

1. Kisahani kilichosafishwa kinawekwa juu ya bamba la moto, kwa kawaida nyuzijoto 200 hadi 400. Joto hili si la kuvunja gesi. Ni la kuvisaidia vipande vinavyotua vitembee kidogo usoni mpaka vipate mahali pake, na kuifukuza haidrojeni iliyozidi.

2. Pampu zinatoa hewa yote. Chembe ya unyevu au oksijeni ikibaki itaingia kwenye utando.

3. Gesi zinaingia kwa vipimo. Silani na amonia hutoa nitridi ya silikoni. Silani na oksidi ya nitrasi hutoa oksidi ya silikoni. Silani peke yake, au pamoja na haidrojeni, hutoa silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo tunaiita silikoni amofasi.

4. Umeme unawashwa. Ukichungulia kwenye kidirisha unaona mwanga wa zambarau umetanda kati ya bamba mbili. Kwa kweli sijachoka kuutazama.

5. Muda ukifika, umeme unazimwa, gesi zinasafishwa kwa nitrojeni, na kisahani kinatoka kwenda kupimwa.

Kitu kimoja cha kuzingatia hapa ni mvuto. Utando unaweza kukua ukiwa unavuta, kama ngozi ya ngoma inavyovuta ikikauka, au ukiwa unasukuma. Ukizidi upande wowote, utapasuka au utabanduka. Mashine nyingi huongeza umeme wa masafa ya chini, kilohezi mia kadhaa, ambao ioni zinaweza kuufuata. Ioni zinaupiga utando, zinaushindilia, na mvuto unageuka kuwa msukumo. Fundi anachanganya masafa hayo mawili mpaka apate utando uliotulia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Hakuna kitu cha bure. Tulipokwepa tanuri tulikubali deni, na deni hilo linaitwa haidrojeni. Gesi zetu zimejaa haidrojeni, na kwa kuwa joto ni dogo, si yote inayotoka. Nitridi ya PECVD inaweza kuwa na haidrojeni kati ya asilimia 10 na 25 ya atomu zake. Mtu wa tanuri akisikia hivyo atasema utando huo ni mchafu. Lakini katika vifaa viwili uchafu huo ndio uliofanya kazi ifanikiwe.

Historia yake imeanzia hapahapa Uingereza. Mwaka 1965 H. F. Sterling na R. C. G. Swann, wa maabara za Standard Telecommunication Laboratories mjini Harlow, walichapisha matokeo ya kutandaza silikoni na nitridi yake kwa msaada wa umeme wa masafa ya redio. Baadaye Chuo Kikuu cha Dundee, Uskochi, kikalichukua jambo hilo na kulichimba. Walter Spear, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1921, na mwenzake Peter LeComber walichunguza silikoni amofasi iliyotengenezwa kwa plazma ya silani.

Atomu ya silikoni ina mikono 4. Katika fuwele kila mkono umeshika mwenzake. Katika silikoni amofasi mpangilio umevurugika, mikono mingi inabaki mitupu, na kila mkono mtupu ni mtego wa elektroni. Silikoni amofasi isiyo na haidrojeni haifai kwa transista hata kidogo. Ile ya plazma ina haidrojeni kama asilimia 10, na haidrojeni hiyo huishika mikono mitupu na kuipunguza mara elfu na zaidi. Mwaka 1975 Spear na LeComber walionyesha kwamba ukichanganya kiasi kidogo cha gesi ya fosfini au ya diborani ndani ya silani, unaweza kuongoza upitishaji wa umeme wa utando huo, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Mwaka 1979 kundi la Dundee likaonyesha transista za silikoni amofasi kwa ajili ya skrini bapa.

Kilichofuata mnakiona mezani kwenu. Nyuma ya skrini nyingi za kompyuta na runinga bapa kuna mamilioni ya transista hizo, zilizotandazwa juu ya kioo kwa PECVD, nitridi na silikoni amofasi zikifuatana bila kuingiza hewa katikati. Viwanda vikubwa hutumia kioo cha karibu mita 3 kwa mita 3.4 kwa mara moja.

Kwa nini paneli ya sola ni ya buluu

Kifaa cha pili kiko juu ya paa. Silikoni tupu inang'aa kama kioo na kurudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga unaoiangukia. Hiyo ni hasara kubwa. Dawa yake ni utando ambao mwanga unaorudi kutoka juu yake na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana na kufutana. Kanuni yake ni rahisi: unene uwe urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa 4, kisha ukigawanywa kwa kipimo cha utando cha kupinda mwanga. Nitridi ina kipimo cha 2 hivi. Tukichagua wimbi la nanomita 600, lililo katika rangi ya chungwa, tunapata 600 ÷ 4 ÷ 2 = 75. Ndiyo ile 75 niliyoitaja mwanzoni. Mwanga wa chungwa na nyekundu unaingia, kidogo kinachorudi ni cha upande wa buluu, na macho yako yanaona buluu.

Utando huohuo una kazi ya pili. Kiwandani seli hupitishwa kwenye tanuri kwa sekunde chache tu, nyuzijoto 700 hadi 800 na zaidi, ili nyaya za fedha zishike. Wakati huo haidrojeni iliyofichwa kwenye nitridi inaachiliwa, inazama ndani ya silikoni na kushika mikono mitupu ya huko. Seli inatoa umeme mwingi zaidi. Deni limegeuka mtaji.

Ila mgeni akizidi siku huwa mzigo. Haidrojeni nyingi mno huutoa utando malengelenge ukipashwa joto. Na mwaka 1977 D. L. Staebler na C. R. Wronski, wa kampuni ya RCA ya Marekani, walieleza kwamba silikoni amofasi ikipigwa na mwanga hudhoofika, kwa sababu mikono mitupu huongezeka tena. Ukiipasha zaidi ya nyuzijoto 150 hupona, lakini nani atalipasha paa lake?

Hili linatuhusu sisi

Mliokulia Kenya miaka ya 1990 mnakumbuka vile vipaneli vya rangi ya kahawia iliyokolea, vya wati 12 hivi, vilivyouzwa madukani kwa ajili ya taa, redio na runinga ndogo. Hizo zilikuwa silikoni amofasi za plazma. Bei yake watu wa kawaida waliiweza, na ziliwasha taa mahali ambapo nguzo za umeme hazikufika. Kwa tabia yake lazima zipungue nguvu miezi ya mwanzo, kisha zitulie. Mtengenezaji mwaminifu huandika kwenye lebo nguvu ya baada ya kutulia. Zilipopimwa, baadhi ya chapa zilitimiza lebo na nyingine zilikuwa chini sana. Mnunuzi hakuwa na namna ya kutofautisha. Kwa macho zilifanana.

Ubaya ni kwamba wauzaji wengi humwonyesha mteja volti: wanagusa nyaya kwa mita, namba inasoma vizuri, mteja analipa. Volti za paneli isiyo na mzigo hubaki karibu zilezile hata ikiwa imechoka. Aliyekuonyesha volti peke yake hajakuonyesha kitu. Ukienda likizo na ukaombwa ushauri, iunge paneli na mzigo wake halisi, mchana jua likiwa kali na anga safi, pima volti na ampea kwa pamoja, uzizidishe, ndipo ulinganishe na wati za lebo. Kwa joto la paa na mzigo usiolingana kabisa na paneli itapungua kidogo, hiyo ni kawaida. Ikiwa nusu, uliza maswali.

Leo paneli nyingi ni za silikoni ya fuwele, na silikoni amofasi imerudi kwa mlango mwingine: katika seli za kisasa inatandazwa kwa unene wa nanomita chache tu ili kuuponya uso wa fuwele.

Neno la tahadhari

Mnaofikiria fani hii msidhani ni mwanga wa zambarau tu. Silani ikikutana na hewa hushika moto yenyewe, bila kiberiti. Mabomba yake yana kuta mbili, chumba kina vihisi vya gesi, na mabaki huchomwa kabla ya kutolewa nje. Ukisikia king'ora unatoka, hata kama kipimo chako cha wiki tatu kiko ndani. Chemba nazo mara nyingi husafishwa kwa gesi ya nitrojeni trifloridi, ambayo kwa miaka 100 hulipasha joto anga zaidi ya mara 16,000 kuliko uzito uleule wa kabonidayoksaidi. Kiwanda kisichoiharibu gesi hiyo kabla haijatoka kinatengeneza nishati safi kwa mkono mmoja na kuchafua kwa mwingine.

Basi ukirudi utakifanyia nini?

Nimeahidi kujibu. Sitawadanganya kwamba mashine hii itafika kila mkoa. Ni ghali, inataka umeme usiokatika na gesi safi zinazofika kwa wakati. Lakini Naivasha, Kenya, kulianza kuunganishwa paneli mwaka 2011 kwa seli zinazoagizwa nje. Kutoka kuunganisha hadi kutengeneza seli yenyewe kuna hatua kadhaa, na mojawapo ni huu utando wa nanomita 75. Idara za fizikia za Dar es Salaam na Nairobi zimefanya utafiti wa tando nyembamba za nishati ya jua kwa miaka mingi, na zinahitaji walimu. Na hata kabla ya kiwanda, nchi inayonunua mapaneli kwa makontena inahitaji watu wa kuyapima bandarini na kuelewa wanachokipima. Mimi najiona hapo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini elektroni inaweza kugonga silani mara nyingi bila kuipasha joto gesi nzima?

2. Utando unakua nanomita 15 kwa dakika. Utachukua dakika ngapi kufikia unene wa seli ya sola tuliyoieleza? (Jibu: 5.)

3. Ungetaka kuzuia mwanga wa nanomita 500 usirudi, nitridi yako iwe na unene gani? (Jibu: karibu 63.) Je, rangi yake ingekuwa ileile ya buluu?

Swali la tatu nimeacha nusu bila jibu kwa makusudi. Anayetaka kubishana anitafute kwenye mkutano wa chama, nitakuja na kisahani kimoja cha mfano mkitazame. Kila la heri katika mitihani.